Kutoka mlimani hadi bondeni: Jinsi mito ya msimu inavyoijenga na kuibomoa ardhi kame

MJI wa Tala, katika eneo la Matungulu, Kaunti ya Machakos, upo zaidi ya kilomita 50 mashariki mwa Nairobi, kwenye barabara ya Kangundo. Kaskazini mwake husimama mlima Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo, wenye kimo cha mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kando ya mlima huo hupita Mto Athi, na huko ndiko maji ya vijito vingi vya sehemu hizo huishia.

Msafiri anayefika Ukambani wakati wa kiangazi huviona vijito hivyo vikiwa vikavu. Huwa ni mikanda ya mchanga iliyolala kati ya kingo za udongo mwekundu, na hapa na pale wanawake wamepiga magoti kando ya visima vilivyochimbwa mchangani, wakichota maji kwa kibuyu hadi mtungi ujae. Mvua kubwa inaponyesha vilimani, mto uliokuwa mkavu asubuhi huweza kufurika jioni, kisha ukawa mchanga mtupu tena baada ya siku mbili tatu.

Mto wa namna hiyo hubeba vitu viwili: maji na ardhi. Maji hupita upesi, lakini ardhi iliyobebwa hutuliwa mahali, na mahali hapo huwa shamba la mtu, kisima cha kijiji au kaburi la watu waliojenga nyumba pasipofaa. Wataalamu wa sura ya nchi huyatambua maumbo mawili makuu yanayoachwa na mito hii: pepeo la mashapo, linalotandazwa pale maji yanapotoka mlimani, na ngazi za mto, zinazobaki ubavuni mwa bonde pale mto unapochimba chini kupita sakafu yake ya zamani.

Tala si jangwa. Hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Hata hivyo, mito yake ya msimu hufuata kanuni zilezile zinazotawala mabonde ya jangwa la Turkana, nyanda za Oman au Death Valley huko Marekani. Anayezielewa kanuni hizo ataelewa pia kwa nini mkulima wa Matungulu hujenga matuta, na kwa nini mchanga unaochukuliwa kwa lori kutoka mtoni huacha hasara isiyoonekana siku hiyohiyo.

Mchanga hutoka wapi?

Vilima vingi vya Machakos, Makueni na Kitui vimeundwa kwa miamba ya kale sana, hasa naisi na itale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Jua la mchana huupasha mwamba joto na usiku hupoa. Maji ya mvua hupenya katika nyufa na kuyageuza baadhi ya madini yake kuwa udongo wa mfinyanzi. Madini magumu, hasa kwazi, hayaozi kwa urahisi; hubaki yakiwa chembechembe ngumu zinazong'aa. Chembe hizo ndizo mchanga wa mito ya Ukambani.

Katika nchi yenye mvua ya mwaka mzima, majani na mizizi huushika udongo mahali pake. Katika nchi kame mambo ni tofauti. Miezi ya kiangazi huiacha ardhi ikiwa wazi, nyasi zimekauka au zimeliwa na mifugo. Mvua ya kwanza inapokuja, huja kwa kishindo na kuipiga ardhi isiyo na blanketi. Uso wa udongo huziba, maji hushindwa kuzama na huanza kukimbia, kwanza kama utando mwembamba, kisha kama vifereji, na mwishowe kama makorongo.

Nguvu ya maji ya kubeba mzigo hutegemea mwendo wake. Maji yaendayo kasi husukuma mawe makubwa. Yanapopungua kasi, huacha mawe kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga, na tope jembamba huwa la mwisho kutua. Karibu kila umbo linaloelezwa katika makala haya hutokana na kanuni hiyo moja: maji yaliyopunguzwa mwendo huutua mzigo wake.

Pepeo la mashapo

Mahali ambapo kanuni hiyo huonekana waziwazi zaidi ni chini ya mlima, pale genge jembamba linapofunguka kwenye uwanda. Ndani ya genge, maji yamebanwa na kuta za mwamba. Kina chake ni kikubwa na mteremko ni mkali. Yanapofika mlangoni, kuta hutoweka. Maji husambaa kulia na kushoto, kina hupungua, na sehemu yake huzama ndani ya changarawe iliyo chini. Kwa ghafla mto hauna tena nguvu ya kuubeba mzigo wake, nao huumwaga hapohapo.

Mzigo huo ukirundikana, njia ya mto huinuka hadi kuwa juu kuliko ardhi iliyo pembeni. Gharika inayofuata huikataa njia hiyo na kutafuta palipo chini. Hujaza huko pia, kisha huhama tena. Kwa karne nyingi mto huyumba huku na huku kutoka mlango uleule wa genge, na mashapo yake hutandazwa kwa umbo la pepeo la ukindu lile la kupepelea moto: mpini mlangoni mwa genge, na ubapa uwandani.

Ndani ya pepeo hilo mna mpangilio. Karibu na mpini hukaa mawe na changarawe, katikati mchanga, na ukingoni tope na mfinyanzi. Mengine hayazidi upana wa uwanja wa mpira, na mengine huenea kwa makumi ya kilomita. Mlima wenye magenge mengi huweza kuwa na mapepeo mengi yaliyoungana ubavu kwa ubavu, hata yakawa mteremko mmoja mrefu unaozunguka mguu wa mlima.

Nchi kame huyahifadhi maumbo hayo kwa sababu mbili. Kwanza, mawe na mchanga usioshikwa na mimea huwa mwingi, na gharika zake ni fupi na kali. Pili, mara nyingi hakuna mto mkubwa wa kudumu uwandani wa kuyafagia mashapo na kuyapeleka baharini. Na pale ambapo ardhi yenyewe inaendelea kuvunjika na mlima kuinuka, kama katika Bonde la Ufa, mlima haukosi mawe ya kumwaga.

Ngazi za mto

Umbo la pili huzaliwa kwa njia iliyo kinyume. Mto ukiwa na mzigo mwingi kuliko uwezo wake, hujaza bonde na kujitengenezea sakafu pana na tambarare, ambayo hufunikwa na maji ya mafuriko. Mambo yakibadilika, mto huacha kujaza na kuanza kuchimba. Huikata sakafu yake yenyewe na kushuka. Sakafu ya zamani hubaki juu, pembezoni mwa bonde, mahali ambapo mafuriko hayafiki tena. Hiyo ndiyo ngazi ya mto.

Mto ukipumzika, ukatanua bonde, kisha ukachimba tena, ngazi ya pili hutokea chini ya ile ya kwanza. Kwa kawaida ngazi iliyo juu ndiyo ya zamani zaidi, jambo linalowachanganya wengi, kwani katika tabaka za kawaida za udongo kilicho juu ndicho kipya. Ngazi zikilingana kimo pande zote mbili za bonde, hiyo ni dalili kwamba mto ulichimba kwa ghafla baada ya kutulia muda mrefu. Zisipolingana, huenda mto ulikuwa ukichimba polepole huku ukiyumba upande mmoja hadi mwingine.

Kuna sababu kadhaa zinazoufanya mto uanze kuchimba. Ardhi inaweza kuinuka kwa nguvu zilizo ndani ya dunia. Bahari au ziwa ambalo mto humwagika ndani yake laweza kushuka. Hali ya hewa yaweza kubadilika, mimea ikaongezeka vilimani na kuuzuia udongo, hata maji yakafika bondeni yakiwa mepesi, hayana mzigo. Maji yasiyo na mzigo yana njaa. Huula mkondo wake yenyewe.

Ziwa Turkana ni mfano mzuri. Hadi takriban miaka 5,000 iliyopita, Afrika Mashariki ilipitia kipindi kirefu cha mvua nyingi, na ziwa hilo lilisimama makumi ya mita juu ya usawa wake wa leo. Mvua zilipopungua na ziwa kushuka, mito iliyokuwa ikiishia kwenye ufuo wa juu ililazimika kuufuata ufuo mpya, ikiyakata mashapo iliyokuwa imeyalaza wenyewe.

Umri wa ngazi hizo hupimwa kwa njia mbalimbali. Mkaa uliofukiwa huchunguzwa kwa kaboni. Majivu ya volkano yaliyo katikati ya tabaka hupimwa kwa madini yake. Hata chembe ya mchanga ina saa yake: inapofunikwa, hukusanya nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili iliyo ardhini, na maabara ikiiangazia huitoa nishati hiyo kama mwanga hafifu. Mwanga huo hueleza chembe ilionwa na jua kwa mara ya mwisho lini.

Yatta: Bonde lililogeuka mlima

Wakazi wa sehemu za Machakos wanao jirani mkubwa anayeonyesha jinsi maji yanavyoweza kuipindua nchi. Uwanda wa juu wa Yatta huanzia pande za Ol Donyo Sabuk na kuelekea kusini-mashariki hadi Tsavo, kwa urefu wa takriban kilomita 300. Ni mwembamba, umenyooka kama ukuta, na juu yake ni tambarare.

Takriban miaka milioni 13 iliyopita, ukuta huo ulikuwa bonde. Lava ilitoka kwenye nyanda za juu zilizo upande wa Bonde la Ufa, ikafuata njia ya mto wa kale, na kuganda ndani ya bonde lake. Lava iliyoganda ilikuwa ngumu kuliko miamba iliyoizunguka. Kwa mamilioni ya miaka, maji yaliwala majirani walio laini na kuiacha lava. Kilichokuwa chini kikawa juu. Leo Mto Athi hufuata mguu wa uwanda huo kwa masafa marefu, ukipita chini ya bonde la babu yake.

Ardhi ya rutuba, ardhi ya hatari

Binadamu amezijua faida za mashapo haya tangu kale. Huko Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Natron, yapo mabaki ya mashamba na mifereji ya mawe yaliyotapakaa chini ya ngome ya Bonde la Ufa katika eneo la takriban kilomita 20 za mraba. Wenyeji wake walilima hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Uchunguzi wa wanaakiolojia umeonyesha kwamba katika sehemu fulani mifereji yao haikuleta maji tu. Ilileta pia mashapo, ambayo kuta za mawe ziliyanasa hadi yakawa mashamba tambarare. Walimfanya mto awe kibarua wao.

Nchini Kenya, Wamarakwet wamedumisha kwa karne nyingi mifereji inayoteremsha maji kutoka kwenye ngome ya Elgeyo hadi mashamba ya Bonde la Kerio. Mashamba mengi ya huko yamelala juu ya mashapo yaliyomwagwa na mito ya ngome hiyo. Udongo ni mzuri, maji ni karibu, na ndiyo maana watu wamekaa hapo.

Lakini pepeo la mashapo halijakamilika. Kila lililopo ni kazi inayoendelea, na mto huweza kurudi kazini bila taarifa. Mnamo Aprili 2020, maporomoko ya tope yaliwaua watu katika sehemu za Chesegon na Chesongoch, na Novemba 2025 Chesongoch ilikumbwa tena na maafa yaliyoua zaidi ya watu 20. Nchini Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliteremka hadi mji wa Katesh na kuua watu wasiopungua 80. Huko Mai Mahiu, chini ya ngome ya Bonde la Ufa, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli yalipasua njia usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 na kuua zaidi ya watu 50.

Sababu za kila tukio zina tofauti zake: ukataji miti, mvua zisizo za kawaida, kalavati lililoziba. Mahali, hata hivyo, panafanana. Ni pale mteremko mkali unapokutana na uwanda. Mawe makubwa yaliyotawanyika katikati ya shamba chini ya genge hayakuletwa na mtu. Yaliletwa na maji, na kilichoyaleta kinaweza kuleta mengine.

Waomani, wakiwemo wengi wanaozungumza Kiswahili, wanaishi na jambo hilohilo. Uwanda wa Batinah, ulio kati ya milima ya Hajar na bahari, umejengwa kwa mapepeo ya mashapo yaliyoungana. Changarawe zake huhifadhi maji ya chini ya ardhi, na katika sehemu nyingi za nchi hiyo mifereji ya kale iitwayo falaji huyatoa maji kutoka kwenye mashapo chini ya milima bila pampu. Mwaka 2006 UNESCO iliitia mitano kati ya mifereji hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mwaka uliofuata, kimbunga Gonu kiliyajaza mabonde makavu ya Oman gharika iliyoua watu wapatao 50, na Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kiliipiga Batinah yenyewe.

Machakos: Udongo uliokwenda Malindi

Katika historia ya Machakos, hatari kubwa haikuwa mawe yanayoshuka. Ilikuwa udongo unaoondoka. Wakati wa ukoloni, Wakamba walibanwa katika hifadhi yao huku sehemu ya ardhi iliyoizunguka ikipewa walowezi au kutwaliwa na serikali. Watu na mifugo waliongezeka mahali pamoja, vilima vikavuliwa nguo, makorongo yakafunguka. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti kuhusu hali hiyo. Serikali ikaamua kuipunguza mifugo kwa lazima. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwenda Nairobi kuipinga amri hiyo. Serikali ilirudi nyuma, naye akapelekwa kizuizini Lamu.

Udongo uliokwisha ondoka una ushahidi wake mbali na Ukambani. Mto Athi, baada ya kuungana na Tsavo, huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi, na wakati wa mvua bahari ya huko hugeuka rangi ya kahawia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichunguza tumbawe la Malindi lililokua kwa takriban miaka 300. Kiasi cha madini ya bari ndani ya tumbawe hilo, kinachoongezeka tope la mto linapoongezeka, kilionyesha kwamba mmomonyoko ulipanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Tumbawe lilikuwa limeweka kumbukumbu ya mashamba yaliyopotea bara.

Lakini habari haikuishia hapo. Wakulima wa Machakos walianza kujenga matuta, kwanza kwa kulazimishwa, baadaye kwa hiari kupitia vikundi vya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Kahawa ilipoanza kupandwa na wakulima wa Kiafrika huko Kangundo na Matungulu katika miaka ya 1950, matuta yenye umbo la ngazi yalikuwa sehemu ya kilimo hicho. Njia iliyoenea zaidi ni ile inayojulikana kama fanya juu: mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, na kuutupa udongo upande wa juu ili uwe ukingo, ambao hupandwa mabingobingo au nyasi nyingine. Kila mvua huleta udongo kidogo na kuuacha nyuma ya ukingo, hadi mteremko unakuwa mfululizo wa vipande tambarare.

Mnamo 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wakazi wa Wilaya ya Machakos ya wakati huo waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takriban milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980, na bado mmomonyoko ulipungua. Mahali palipohesabiwa kuwa pamekufa palikuwa pamepona kwa jembe.

Benki ya maji iliyofunikwa

Kile mkulima anachokifanya kwenye mteremko, bwawa la mchanga hukifanya mtoni. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, ukiwa umekaa juu ya mwamba. Gharika hupunguza mwendo nyuma ya ukuta na kuuacha mchanga, huku sehemu kubwa ya tope jepesi ikivuka juu. Baada ya misimu michache, bwawa hujaa mchanga. Asiyejua hudhani limeharibika, kumbe ndipo limeanza kazi.

Kati ya chembe za mchanga kuna nafasi zinazoweza kufikia robo moja hadi zaidi ya theluthi moja ya ujazo wake wote, na nafasi hizo hujaa maji. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawazaliani ndani yake, na mchanga huyachuja. Mwaka 1978, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Kola, Machakos, ambacho kilijulikana kwa ujenzi wa mabwawa hayo, na njia hiyo imeenea sana Makueni na Kitui.

Hapo ndipo biashara ya mchanga inapogusa maisha ya watu. Majengo ya Nairobi na miji inayokua kandokando yake yanahitaji mchanga mwingi, na mito ya Ukambani iko karibu. Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, ilitoa mwongozo wa uchimbaji wa mchanga mwaka 2007, na Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Sheria hizo zinahusu zaidi ya kodi na malori, kwa kuwa mto wenyewe hubadilika.

Mchanga ukiondolewa kuliko unavyoletwa na mvua, sakafu ya mto hushuka. Maji ya msimu unaofuata hukimbia zaidi na huchimba zaidi, kwa sababu hayana mzigo. Kingo hubaki zimesimama bila mguu, kisha huporomoka pamoja na mashamba yaliyo juu yake. Maji yaliyokuwa yamelala katika udongo wa kingoni hushuka kuifuata sakafu mpya, na visima hukauka. Uwanda mdogo uliokuwa ukinyweshwa na mafuriko hugeuka kuwa ngazi kavu, juu ya mto uliozama. Ngazi ambayo kwa maumbile huhitaji karne nyingi kutokea, hutokea katika maisha ya mtu mmoja.

Kuisoma ardhi

Mambo machache humsaidia mwananchi kuisoma ardhi kabla ya kununua kiwanja, kuchimba kisima au kujenga.

Mteremko unaotanuka kama pepeo kutoka mlangoni mwa genge ni kazi ya mafuriko, hata kama wazee hawakumbuki gharika. Mawe yaliyo mviringo yalisafiri ndani ya maji. Yenye pembe kali hayakutoka mbali. Tabaka la changarawe katika ukuta wa kisima, juu sana kuliko mto wa leo, ni sakafu ya mto wa zamani. Kitongoji kilicho juu ya ngazi pana kina usalama zaidi kuliko kilicho kwenye uwanda wa chini, mradi nyumba zisikaribie ukingo unaoporomoka. Mkondo uliokauka usio na nyasi wala kichaka katikati yake haujaachwa. Unatumika, ila mwenyewe hayupo kwa sasa.

Mvua za vuli zinaponyesha Matungulu, kila tone huanza safari yenye njia mbili. Likikuta ukingo wa fanya juu, mizizi ya nyasi au ukuta wa bwawa la mchanga, hupunguza mwendo, huutua udongo na kuzama, na miezi mitatu baadaye huchotwa kwa kibuyu. Lisipokuta kitu, hushika kasi, hubeba kipande cha shamba, huingia Athi, hupita chini ya Yatta na kuishia katika maji ya kahawia ya Malindi. Mto haubagui kati ya njia hizo. Aliye na jembe ndiye huchagua.